Sinia la Mama na Mbwa wa Mwenyekiti

Mama aliliosha lile sinia mara saba. Mara ya kwanza aliliosha kwa udongo aliouchota kwenye chungu cha mrehani kilichoko kwenye roshani ya fleti yake Thamesmead. Mara sita zilizobaki aliliosha kwa maji ya bomba. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikihesabu pamoja naye, na kila alipomwaga maji nilimfikiria mtu mmoja: mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji kimoja cha pwani ya Uingereza, mwendo wa treni mbili kutoka London. Alipomaliza mara ya saba, Mama alilifuta sinia, akalifunga kwenye kanga kuukuu na kulisukuma juu ya kabati. Mimi ndiye niliyeapa kulipiza.

Nitaeleza kwa mpangilio. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao katika ofisi ya manispaa moja hapa London, na nimezoea kuanza na waliohudhuria.

Baba alikuwa mpishi. Yeye na Mama walitoka Pemba kwa sababu ambazo watu wa rika lao hawapendi kuzirudia, na kazi ya kwanza ya kudumu aliyoipata ilikuwa katika nyumba ya kulelea wazee, juu ya mwamba wa kijiji hicho. Alipanda treni Jumamosi alasiri, akalala huko kwenye chumba cha wafanyakazi, akarudi kwetu Alhamisi ili awahi sala ya Ijumaa. Alifanya hivyo mpaka mvi zikamjaa kidevu. Kila siku, akishamaliza chakula cha mchana, aliteremka hadi kwenye ukuta wa bahari, akageuza kreti la samaki na kulikalia nusu saa. Bahari yenyewe haina uzuri wa kusifia. Rangi yake ni ya maji yaliyooshewa mchele. Lakini Baba alisema ndiyo nusu saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyemwita.

Alipostaafu aliendelea kwenda, mara moja kwa mwezi, akifuatana na Mama. Alikaa kwenye kreti, Mama akasimama. Baba alipofariki tulimzika London, lakini Mama hakuwa na haja ya kaburi tu. Alitaka kwenda kukaa pale alipokaa mumewe. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsaliti, kusimama hakuwezi, na kreti halikuwa la umri wake. Aliniambia, "Mwanangu, niombee kibenchi tu. Kabla miguu haijanikatalia treni."

Hilo ndilo lililokuwa ombi letu. Benchi moja, kwa gharama zetu wenyewe, mahali ambapo mtu wa kijiji yeyote angeweza kukaa pia.

Sasa, kijiji. Kina historia ndefu kuliko nyumba zake. Zamani kiliishi kwa samaki, kisha kwa pombe ya magendo iliyofichwa, kama wanavyojisifu wenyewe, ndani ya mnara wa kanisa. Bahari ikala mtaa mzima na kanisa la kwanza pamoja nao. Baadaye wakaja watu wa likizo, na mwisho wakaja wazee wa kufia hapo. Kwa karne nyingi wazee wa kanisa ndio walioamua kila jambo, mpaka sheria ilipowaachia mambo ya Mungu na kukabidhi mengineyo kwa halmashauri ya kijiji. Hayo mengineyo si makubwa: makaburi, uwanja wa mpira, ubao wa matangazo, taa chache na mabenchi. Mamlaka ya namna hiyo hayatoshi kumfanya mtu mkubwa, lakini yanatosha kumfanya mtu mwingine ajione mdogo.

Siku ya kikao, kaka yangu alituchukua kwa gari. Yeye ni mdogo wangu, anafanya kazi ghalani Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na aliomba ruhusa ya nusu siku. Mama alitoka na sinia mapajani: sambusa, katlesi, na visheti pembeni, juu yake kawa. Nikajua papo hapo kwamba lile sinia halifai kufika.

"Mama, hilo libaki garini," nilisema.

"Libaki lifanye nini? Lilinde gari?"

"Wale ni wajumbe. Tunakwenda kuwaomba kitu. Chakula kikitangulia ombi, kwa kanuni zao hicho ni zawadi. Lazima kiandikwe."

"Wakiandike. Waandike na jina la aliyepika." Akaliweka sawa sinia. "Mie sikwendi nyumba ya watu mikono mitupu nikawaambia nipeni."

Kaka yangu akacheka huku akitazama barabara. "Dada, mimi nampelekea meneja wangu sambusa kila Idi. Anakula sita, wiki inayofuata ananipa zamu mbovu kuliko zote. Sambusa hazijawahi kununua kitu, amini."

Nilibakiwa na sentensi moja ya kusema, na niliijua. Kazini kwangu ninaisoma kwa wajumbe wapya kila mwaka: zawadi inayotangulia ombi inaweza kuliua ombi lenyewe. Sikuisema, kwa sababu mwanamke aliyefiwa hanyang'anywi sinia lake. Kosa hilo ni langu, nimeliandika kwanza kabla ya makosa ya wengine.

Ukumbi wa kijiji ulikuwa na sakafu ya mbao na harufu ya miavuli iliyolowa. Wajumbe tisa walizunguka meza ndefu. Chini ya kiti cha mwenyekiti alilala mbwa wake, mweusi, mwenye masikio marefu. Kabla hatujaelekezwa pa kukaa, Mama alikuwa ameshafika mezani. Aliweka sinia katikati, akafunua kawa, akawaambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Karibuni. Kuleni kwanza."

Wajumbe wawili walinyoosha mikono. Mmoja alikuwa ameshashika sambusa.

"Tafadhali, msiguse," mwenyekiti alisema. Akamgeukia karani, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. "Iandikwe kwamba mwombaji ametoa zawadi kabla ya ombi lake kusikilizwa." Kisha akamtazama Mama. "Bibi, huku kwetu hatufanyi mambo namna hiyo."

Aliinuka, akalishika sinia kwa ncha za vidole, akalibeba mpaka mlangoni na kuliweka sakafuni, kati ya miavuli na bakuli la maji la mbwa. Mbwa naye akainuka, akajinyoosha, akaenda.

Nilitazama nyuso tisa zikimtazama yule mbwa. Hakuna aliyenyanyuka. Alikula sambusa nne, katlesi mbili, akalamba sinia kuanzia katikati hadi ukingoni. Mwenyekiti akasema, "Angalau mmoja wetu hana kanuni," na meza ikacheka. Hata karani alicheka, ingawa yeye aliinamisha kichwa.

Ombi letu lilichukua muda mfupi kuliko hilo. Mwenyekiti alisema mabenchi ni kumbukumbu ya watu wa kijiji, na marehemu, kwa kadiri alivyoelewa, alikuwa mfanyakazi tu aliyekuwa na makazi yake London. Mikono ikapanda. Imekataliwa.

"Wamesemaje?" Mama aliniuliza tulipokuwa tunatoka. Alikuwa amelishika sinia kwa kanga ili lisimguse.

"Wamesema watalifikiria."

Kaka yangu alinitazama juu ya paa la gari, akamfungulia Mama mlango. Safari nzima ya kurudi hakuna aliyefungua redio.

Muhtasari wa kikao ulitokea kwenye tovuti yao baada ya wiki mbili. Niliusoma nikiwa nasubiri treni stesheni ya Abbey Wood. Uliandikwa vizuri, sina budi kusema, kwa sentensi fupi. Zawadi ya chakula kutoka kwa mwombaji ilikataliwa. Ombi la benchi lilikataliwa. Mbwa hakuandikwa.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho. Kwangu ulikuwa ukurasa wa kwanza wa faili. Nilinunua faili jekundu, nikaligawa kwa vitenganishi, na nikaanza kusoma mihtasari yao yote iliyopo hadharani, kila siku wakati wa chakula cha mchana. Wenzangu ofisini walidhani nasomea mtihani. Nilisoma juu ya mashimo ya uwanjani, juu ya choo cha umma kilichozozaniwa misimu mitatu, juu ya mabenchi mengine yaliyokubaliwa. Moja lilikubaliwa kwa heshima ya mtu wa London aliyekuja kijijini majira ya kiangazi tu. Jingine kwa heshima ya farasi. Yote mawili niliyawekea alama.

Mama alijua ninachofanya, maana nilikwenda kwake kila Jumapili na faili mkobani.

"Muachie Mungu," alisema.

"Nimemuachia Mungu yeye, Mama. Mimi nimebaki na makaratasi yake."

"Ulimi wako huo." Lakini hakuniambia niache. Alikuwa amekaa akikanda magoti kwa mafuta ya karafuu, na juu ya kabati kifurushi cha kanga kilikuwa palepale.

Ilipita miezi sikupata kitu cha maana. Mwenyekiti alikuwa mwangalifu. Kila kikao kilianza kwa swali, je, kuna mjumbe mwenye maslahi binafsi katika ajenda za leo, na kila mara jibu lake lilikuwa hakuna. Kisha nikakumbuka kwamba mtu huyo si mwenyekiti tu. Ni mwanahistoria wa kijiji pia. Ameandika kijitabu juu ya historia yao, kinauzwa dukani na kwa posta. Nikakiagiza.

Nilikisoma ndani ya basi nikienda Wembley kwa binamu yangu. Kuhusu mnara wa kanisa na pombe ya magendo kinasomeka vizuri. Katikati kuna picha ya dhoruba, ile ambayo bahari ilivunja ukuta na watu wakapandishwa juu kwenye nyumba ya wazee. Chini ya picha kuna majina ya waliookoa, jina la kasisi, hata jina la mbwa aliyebweka mpaka watu wakaamka. Halafu imeandikwa: supu ya moto ilipatikana. Ilipatikana. Naikumbuka wiki hiyo. Baba alirudi akiwa na malengelenge vidoleni, akatuambia alipika dengu na tangawizi masufuria mangapi hajui, watu wakaja wamelowa kama kuku.

Nilikaribia kukitupa kijitabu nje ya dirisha. Nikafika ukurasa wa mwisho, wa shukrani, ambao watu hawausomi. Mimi husoma kila kitu. Mwenyekiti alikuwa amemshukuru mkewe, kasisi, na hatimaye mume wa dada yake, "ambaye mgahawa wake kwenye banda la mashua umenilisha kaa wa kuchemsha kila Jumamosi tangu ulipofunguliwa, na hajawahi kuniruhusu kutoa pochi."

Nilishuka kituo cha kwanza. Nilikaa kwenye ukuta mfupi mbele ya duka la vitambaa, nikafungua faili jekundu pale pale. Banda la mashua ni mali ya halmashauri. Muhtasari wa kukodisha banda hilo nilikuwa nao. Aliyeleta hoja: mwenyekiti. Kura zilifungana, na aliyepiga kura ya kuamua: mwenyekiti. Mwenye maslahi: hakuna. Kumbe dada ana mume, na mume ana kaa.

Nilimwandikia karani barua fupi ya adabu, nikiomba nakala ya daftari la zawadi walizopewa wajumbe. Ni haki ya mtu yeyote kuiomba. Alijibu baada ya siku nne. Daftari lilikuwa na ukurasa mmoja uliotumika, na ukurasa huo ulikuwa na mstari mmoja: Sinia la chakula. Limekataliwa.

Zawadi pekee iliyowahi kuandikwa katika kijiji hicho ilikuwa ya mama yangu.

Nilicheka peke yangu mpaka binamu yangu, aliyekuwa amenitembelea siku hiyo, akauliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia ndiyo. Malalamiko yangu kwa afisa wa maadili wa wilaya yalikuwa ukurasa mmoja, viambatanisho vinne. Sikutumia neno kali hata moja. Neno kali humpa mtu nafasi ya kujibu neno, na mimi nilitaka ajibu kijitabu chake mwenyewe.

Uchunguzi ulichukua majira mawili. Katika muda huo Mama alianza kutumia mkongojo, na daktari akaanza kuzungumza habari ya upasuaji. Kila nilipopiga simu wilayani niliambiwa nisubiri, na kila nilipokata simu nilihesabu ngazi za kuteremkia kutoka stesheni ya kijiji hadi ukuta wa bahari: kumi na tisa. Hasira yangu haikupoa. Ilipangwa tu, kama faili.

Uamuzi ulipotoka, ulisema mwenyekiti amevunja kanuni. Wilaya haina uwezo wa kumfukuza mtu aliyechaguliwa, lakini ilielekeza asome radhi mbele ya kikao cha wazi, na radhi hiyo iandikwe kwenye muhtasari. Nilikwenda na kaka yangu. Tulikaa viti vya mbele vya umma, palepale tulipokaa mwanzo.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno kaa, mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko, akashindwa. Mwenyekiti akamalizia, akasema anajiuzulu kwa sababu za kifamilia. Kaka yangu akanong'ona, "Za kifamilia kweli. Shemeji."

Umma hupewa dakika tatu za kusema. Niliziomba. Sikumtaja mwenyekiti wala sinia. Nilisoma ukurasa wa dhoruba kutoka kijitabu chake, nikafika pale supu ilipopatikana, nikawaambia ilipatikana kwa nani, na kwamba alipika kwa mikono yenye malengelenge. Nikakaa kabla dakika hazijaisha.

Bibi mmoja aliyekuwa amevaa koti la mvua alisema, bila kuomba ruhusa, "Ilikuwa na tangawizi. Niliuliza kwa miaka ni nani aliyetia tangawizi."

Karani aliinua kichwa kunitazama, kisha akaandika. Hilo liliandikwa. Nimelisoma.

Watu husema kisasi hakina ladha. Hao hawajakila. Nilirudi London nikiwa na njaa nzuri, nikala sahani mbili za wali kwa Mama, nikamsimulia mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipomwambia kwamba siku ile hawakusema watalifikiria.

"Nilijua," alisema. "Unadhani Kiingereza cha kukataliwa sikijui mie? Nimekaa nchi hii miaka mingapi?"

Benchi lilirudi kwenye ajenda kikao kilichofuata na kupita bila kupingwa. Walitupa sehemu tatu za kuchagua. Moja ilikuwa na mandhari bora, nyingine ilikuwa na kivuli. Nilichagua ya tatu, palipokuwa kreti la Baba, kwenye njia nyembamba ambayo kila mwenye mbwa hupita asubuhi. Ni kweli Baba alikaa pale. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimeuliza ni njia gani mwenyekiti wa zamani humtembezea mbwa wake. Kibao chake kina maneno matatu: Alikipikia kijiji hiki.

Tulikwenda siku ya Jumamosi, kabla ya upasuaji. Kaka yangu alimshika Mama mkono ngazi zote kumi na tisa. Mama aliketi, akaweka mkongojo kando, akapapasa mbao upande wa kushoto ambao Baba angekaa. Alisoma dua kimya kwa muda mrefu. Kisha akafungua mikoba. Alikuwa amepika kwa watu ishirini. Alimwita yule bibi wa koti la mvua, watoto waliokuwa wakitafuta kokoto, na karani akaja bila kuitwa, akala akiwa amesimama. Sinia lilikuwa jipya, linang'aa.

Ndipo mbwa mweusi akatokea kwenye kona, na nyuma yake mwenye mbwa, mwenyekiti wa zamani. Alipotuona alisimama. Njia ni moja, ukuta huku, mwamba kule. Kurudi kungekuwa aibu, kupita kungekuwa aibu.

"Mpelekee na yeye," Mama alisema.

Nilimtazama. Nilidhani uzee umemlainisha, na nikakasirika kidogo, maana kisasi kilikuwa changu pia.

"Usimpelekee kwenye hilo," akasema nilipogusa sinia jipya. Akaingiza mkono katika mkoba wa pili, akatoa kifurushi cha kanga kuukuu, akakifungua juu ya mapaja. Lilikuwa lile. Maua yake mekundu ukingoni, na mkwaruzo mmoja wa jino. Alipanga juu yake sambusa nne na katlesi mbili, kwa hesabu, bila kuniuliza. Kumbe hata yeye alikuwa amehesabu.

Nililibeba kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa mtu akipelekewa chakula. Nilipolifikisha mbele yake alilitambua kabla sijafungua kinywa. Mbwa naye alilitambua, akakaa chini na kuinua pua.

"Mama anasema karibu," nilimwambia. "Wewe si mjumbe tena. Halina haja ya kuandikwa."

Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Watu wote kwenye benchi walikuwa wakitazama, kwa utulivu, kama wale tisa walivyotazama. Alichukua sambusa moja. Akaila yote, amesimama, akiangalia bahari. Nikampa sinia lote mkononi kabla hajapata pa kuweka mikono yake, nikageuka.

Alituita tulipokuwa tunaanza ngazi. Alikuwa bado amelishika, hajui aliweke wapi.

"Sinia lenu," alisema.

Mama hakugeuka. Alikuwa kwenye ngazi ya tatu, anapumua kwa taabu, mkono mmoja begani kwa kaka yangu.

"Mwambie abaki nalo," alisema. "Mie mbwa sina."